Kolibri: Maktaba Nzima Darasani, Bila Intaneti

Hatimaye! Programu ya kufundishia inayozijua shule zetu zilivyo: intaneti hakuna, bando ghali, kompyuta za kuhesabu. Inaitwa Kolibri, ni programu huria ya shirika la Learning Equality la Marekani. Tangu niisimike kwenye kompyuta yangu kuukuu, kila mwalimu ninayekutana naye namwambia aitazame.

Matumizi yake ni raha tupu. Unapakua programu na masomo mara moja pale penye mtandao, au unayachukua kwa flashi kutoka kwa mwenzako. Basi! Shuleni, kompyuta moja tu, hata Raspberry Pi inayoenea kiganjani, inakuwa seva. Iunganishe na ruta isiyo na bando hata kidogo, wanafunzi waingie kwa simu au kishikwambi kupitia kivinjari cha kawaida, na maktaba yote ni yao: mazoezi ya hisabati ya Khan Academy, hadithi za African Storybook, majaribio ya sayansi ya PhET. Na Kiswahili kimo, hadi kwenye vitufe vya programu yenyewe!

Lakini kilichonimaliza ni upande wa mwalimu. Nilijiandikisha kama mwanafunzi, nikafungua zoezi la sehemu, na kwenye 1/2 + 1/3 nikajibu makusudi 2/5. Nikaingia kwa akaunti ya mwalimu. Lo! Ripoti haikuishia kwenye alama. Ilinionyesha swali lenyewe na jibu nililoandika. Yaani mwalimu mwenye darasa lililofurika anaweza kujua, kipindi hakijaisha, ni nani wanaojumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akawaita hao tu mbele ya ubao. Daftari zingesubiri hadi usiku.

Gharama? Leseni ni ya MIT: shule hailipi hata senti, leo wala mwakani. Nakili kwenye kompyuta kumi au mia, ni ruksa. Vijana wetu wanaojua kuandika programu wanaweza kufungua msimbo wake na kuurekebisha watakavyo.

Masomo yake hayakupangwa kwa muhtasari wetu, hivyo mwalimu itambidi akae achague mada. Hata hapo Kolibri Studio inasaidia: unachanganya masomo yaliyopo na notisi zako mwenyewe, na mwalimu mmoja akishapanga, shule zote za kata zinafaidi.

Walimu mliogawiwa vishikwambi vya Sensa ya 2022, kifaa cha kuanzia mnacho mkononi. Wakuu wa shule, kama kuna kompyuta hata moja inayowaka, hakuna cha kusubiri. Isimikeni wiki hii, anzeni na mada moja ya hisabati, kisha mpelekeeni jirani flashi.