Ryangombe Alivyofika Mbali Bila Chungu Wala Picha

Mzee wa Kinyarwanda aliyeko Nakivale akimtaja Ryangombe, mzee mwenzake wa Kirundi atamtambua kwa jina la Kiranga, na Mnyankore wa kijiji cha jirani atawaletea habari za mfalme Wamara na watu wake, Wachwezi. Makazi haya ya wakimbizi, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kusini mashariki mwa Mbarara, Uganda, yamewakutanisha watu ambao mababu zao walikuwa na mila moja, kubandwa, ambapo mtu hupandwa na roho za mashujaa wa kale. Mila hiyo ilitapakaa kutoka Bunyoro hadi Unyamwezi bila maandishi. Swali langu ni la kiufundi: ilibebwa na nini?

Tuanzie mbali kidogo, Italia, kwa kuwa huko ushahidi wa jinsi hadithi zinavyosafiri ulibaki ardhini. Katika karne ya 8 KK Wagiriki kutoka kisiwa cha Euboea walianzisha kituo cha biashara Pithekoussai, kwenye kisiwa kinachoitwa leo Ischia. Kaburi moja huko, lililochimbuliwa mwaka 1954, lilikuwa na kikombe chenye beti zinazomtaja Nestor, mfalme anayesimuliwa katika tenzi za Homer. Chiusi, mji wa Waetruski ulioko bara, ulitoa chungu kikubwa kilichofinyangwa Athens takriban mwaka 570 KK, kimejaa picha za mashujaa na majina yao. Mnunuzi hakuhitaji msimulizi wa Kigiriki nyumbani kwake, kwani picha ilikuwa imeshafika. Waetruski wakamwita Herakles, shujaa wa Kigiriki, kwa jina la Hercle wakamwabudu kwa namna yao, na Waroma wakampa madhabahu katika soko la ng'ombe kando ya mto Tiber.

Katika Maziwa Makuu biashara ilikuwepo, tena ya nguvu. Chumvi ilitoka Kibiro na Katwe, na kusini ilitoka Uvinza. Majembe ya chuma yalibadilishwa kwa mifugo na ngozi. Wafugaji walihama wakifuata malisho. Lakini mzigo wa chumvi hauna picha ya Ryangombe. Kwa hiyo kusema tu kwamba hadithi "zilifuata biashara" hakutoshi, na naona wengi huishia hapo.

Kilichobeba hadithi ni mtu aliyeingizwa katika mila. Mwari wa kubandwa alipewa baba na mama wa kiroho, akafundishwa nyimbo, miiko na msamiati wa siri, akaapa kutotoa siri hizo nje. Tangu hapo alikuwa na ndugu wasio wa damu. Fikiria maana yake kwa mchuuzi wa chumvi aliye safarini siku nyingi, au kwa bibi harusi aliyeolewa ng'ambo ya mto asikokuwa na shangazi wala kaka: popote penye wabandwa, yaani walioingizwa katika mila hii, ana wa kumpokea. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dini na falme za eneo hili, alionyesha jinsi wanawake walivyokuwa na nafasi kubwa katika mila hii. Mimi naamini ndoa zao zilivusha hadithi kuliko misafara ya wanaume.

Njia hiyo ya usafirishaji iliacha alama yake. Kwa Waetruski sura ya shujaa ilidumu, ibada ikabadilika. Huku kwetu ibada ilidumu, wasifu wa shujaa ukabadilika. Bunyoro na Nkore, Wamara ni mfalme wa Wachwezi aliyetoweka na watu wake. Rwanda, Ryangombe ni mwindaji aliyeuawa na nyati. Unyamwezi, jumuiya ya Waswezi ilimjua kama Lyangombe. Mfalme aliyetoweka na mwindaji wa porini hawafanani hata kidogo, lakini kuingizwa kwa mwari, kupandwa na roho na undugu wa siri vinafanana.

Kisha wakaja watawala. Wahinda wa Nkore na Karagwe walijitambulisha kuwa uzao wa Ruhinda, mwana wa Wamara. Rwanda, ikulu ilimweka mtu wa kumwakilisha Ryangombe. Italia nako ukoo wa Mamilii wa Tusculum ulidai kutoka kwa Telegonus, mwana wa Odysseus, shujaa mwingine wa tenzi za Homer, na mwaka 82 KK mmoja wao akatoa sarafu yenye Odysseus na mbwa wake. Nasaba ya namna hii inatueleza nani alihitaji heshima, na haithibitishi njia ambayo hadithi ilipita. Watafiti wanaoanza na nasaba za wafalme wanachunguza hatua ya mwisho wakidhani ni ya kwanza.

Njia yenyewe ingeweza kufuatiliwa kwa swali jingine. Wazee wa Nakivale wanaoikumbuka mila hii, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo, wasiombwe ngano peke yake. Kila mmoja aulizwe nani alimwingiza mama yake au bibi yake, na huyo aliingizwa na nani, katika kilima gani. Majibu yaandikwe na kuwekwa kwenye ramani moja pamoja na njia za chumvi, na nakala ihifadhiwe Mbarara, ambako Igongo, jumba la makumbusho lililoko Biharwe, tayari linatunza urithi wa kusini magharibi mwa Uganda. Kazi hiyo ianze na vikongwe, mwaka huu.