Alfabeti ya Mauti: Maoni juu ya Diwani za Filamu Fupi za Kutisha

Kukusanya hadithi nyingi katika chombo kimoja si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Alfu-Lela-Ulela ndio mfano ulio karibu: hadithi moja ya nje, na ndani yake hadithi nyingine tele, na uhai wa msimulizi mwenyewe umefungwa katika kusimulia kwake. Sinema nayo imeitumia njia hii kwa zaidi ya miaka mia moja, hasa katika filamu za kutisha. Richard Oswald alitoa Unheimliche Geschichten huko Ujerumani mwaka 1919, filamu moja yenye visa vitano. Nakusudia kusema juu ya tawi la karibuni la mti huo, yaani filamu ndefu iliyoundwa kwa filamu fupi za watu wa ridhaa, waliochaguliwa kwa mashindano.

Neno ridhaa nalitumia kama litumikavyo katika michezo: mtu afanyaye jambo kwa hiari na mapenzi yake, si kwa ujira. Neno diwani nimelikopa kwa washairi. Tungeweza kusema mkusanyo, lakini mkusanyo husema tu kuwa vitu vimewekwa mahali pamoja; diwani huahidi kuwa yuko aliyevipanga kwa kusudi. Kama ahadi hiyo hutimizwa au haitimizwi, ndilo swali langu.

Kazi ninayoishika ni The ABCs of Death, iliyotoka mwaka 2012. Waanzilishi wake ni Ant Timpson wa New Zealand na Tim League wa Marekani. Mpango wao ulikuwa rahisi kueleza. Kila herufi ya alfabeti ya Kiingereza ilipewa sura yake. Mtengenezaji wa sura alichagua neno lianzalo kwa herufi ile, akatunga kisa cha mauti apendavyo, kwa dola 5,000 hivi. Sura 25 walipewa watengenezaji waliokwisha kuingia katika kazi hiyo, kutoka nchi nyingi. Herufi T iliwekwa wazi ishindaniwe, na mshindi akawa Lee Hardcastle, Mwingereza afanyaye filamu za vinyago vya udongo. Katika diwani ya pili, ya mwaka 2014, herufi iliyoshindaniwa ilikuwa M, akashinda Robert Boocheck kwa neno Masticate, yaani kutafuna. Mwaka 2016 ikatolewa ABCs of Death 2½, ambayo yote ni kazi za washindani wa M: filamu fupi 26, kila moja na neno lake, na maneno yote ya herufi moja.

La kwanza la kuangaliwa ni mahali pa jina. Katika diwani ya mwaka 2012 jina la sura haliji mwanzoni. Huja mwisho, kisa kikiisha. Mtazamaji huiona picha asiyoijua maana yake, kisha huambiwa neno, na neno lile humrudisha nyuma kuitazama picha upya. Hiki ni kitendawili. Aliyetega asema juu ya nyumba isiyo na mlango, nasi twaiona nyumba mpaka tuambiwe kuwa ni yai. Tofauti ni kwamba katika barza mtegaji husubiri, na ashindwaye hutoa mji. Katika filamu hizi mtegaji hajibiwi na mtu, hujitegua mwenyewe na kwenda zake. Sura ya kwanza, ya Nacho Vigalondo, yaonyesha matumizi mema ya jambo hili. Mke amshambulia mumewe aliye kitandani, kwa fujo na bila ustadi, nasi hatujui kwa nini sasa na kwa nini kwa haraka ile. Neno la mwisho ni Apocalypse, yaani kiyama: hapakuwa na wakati tena wa kumwua polepole. Neno limeongeza jambo ambalo picha ilikwisha kulitayarisha.

Linganisha na sura ya M katika diwani hiyo hiyo, iliyofanywa na Ti West, mtu mwenye jina katika fani. Mwanamke ahangaika na choo kilichoziba. Ni kisa kifupi mno. Kisha neno laandikwa: Miscarriage, yaani kuharibika kwa mimba. Hapa picha haikutayarisha kitu. Neno ndilo lililofanya kazi yote, na msiba mzito wa wanawake wengi umefanywa jibu la kitendawili kisichokuwa na swali. Sioni haya kusema kuwa ni sura mbaya, tena mbaya kwa sababu ya uvivu, si kwa sababu ya ufukara. Mshindi wa ridhaa, kwa upande wake, hakutaka kabisa kuficha jibu. Katika sura ya Hardcastle choo kimo tangu mwanzo. Mtoto akiogopa, nasi twajua aogopacho. Neno Toilet lijapo mwisho halimwambii mtazamaji jipya. Nguvu ya kisa iko penginepo: hofu ya mtoto, ambayo wazazi huiona upuuzi, imechukuliwa kwa uzito wake wote, na udongo ule wa mikono, ambao alama za vidole hazifichiki, wazidisha uchungu badala ya kuupunguza. Mwenye jina alitegemea hila ya mpango. Asiye na jina akategemea kisa.

Basi alfabeti yafanya kazi gani? Yapanga, lakini haifungi. Tazama Dead of Night, iliyotolewa na Ealing Studios ya Uingereza mwaka 1945. Waongozaji ni wanne: Cavalcanti, Crichton, Dearden na Hamer. Msanifu majengo afika katika nyumba ya shamba, akatambua kuwa watu wote waliomo amekwisha kuwaona katika ndoto. Kila mmoja asimulia kisa chake. Mwishoni wasimulizi na visa vyao wamwangukia yeye, kisha aamka, na siku yaanza tena kama ilivyoanza. Ilipopelekwa Marekani visa viwili vilikatwa, na mojawapo, cha wacheza gofu, hakika ni hafifu. Hata hivyo mwisho wa filamu ulivurugika, maana watu wa visa vilivyokatwa walikuwa wakitokea pale bila kujulikana walikotoka. Huo ndio ushahidi wa diwani: ukiondoa hata jani lililo dhaifu, mti wote wapata jeraha. Katika The ABCs of Death waweza kuondoa sura yo yote, na kitakachopotea ni herufi.

Tena alfabeti ina ubaya wa pili, ambao kwa hadithi ya kutisha ni mkubwa zaidi. Ni saa. Mtazamaji afikapo P ajua zimebaki kumi. Hofu haipatani na mtu ajuaye atatoka lini.

ABCs of Death 2½ imeivunja saa hiyo bila kukusudia. M hufuatwa na M, na mtu hajui yuko wapi. Nilidhani hili lingeisaidia, na mahali mahali limesaidia: Magnetic Tape, Mailbox, Mermaid, Merry Christmas, Mother, maneno yafuatana pasipo mwelekeo, na akili huanza kubahatisha neno kabla halijatajwa, kama watoto wabahatishavyo kitendawili. Lakini hapa pana shida itokanayo na mashindano yenyewe. Mwandishi aliyepewa sura ndani ya diwani aweza kukubali kuwa sauti ya chini, kwa kuwa ajua wenziwe wapo. Mshindani hana mwenziwe. Ametunga ili apatikane mmoja tu, naye awe yeye. Wakusanye washindani 26 uwasikilize kwa mfuatano, utasikia watu 26 wanaopaza sauti.

Kiswahili chatusaidia kuutaja upungufu huu kwa usahihi. Tuna kushtua, na tuna kutisha na kuogofya. Kushtua na kushtuka ni jozi kama kupasua na kupasuka: tendo moja, ghafula, nalo limekwisha. Kuogofya kumetoka katika kuogopa kwa njia ya kusababisha, na kuogopa ni hali, mtu hukaa nayo, hulala nayo. Sidai kuwa umbo la kitenzi huamua maana yake daima. Nasema tu kwamba wasemaji wametenga mambo mawili ambayo wakosoaji wengi wa sinema huyachanganya. Filamu ya dakika tatu yaweza kushtua kwa urahisi, hata kwa kelele. Ili iogofye yahitaji kumwachia mtazamaji kitu cha kwenda nacho nyumbani, na wengi katika hao 26 hawakuwa na subira hiyo. Wasilaumiwe kwa vifaa duni wala kwa waigizaji wasiozoea; hayo ni mambo ya fedha. Lawama iwaendee wachaguzi, ambao huweka mshtuko mbele kwa kuwa ndio uonekanao upesi miongoni mwa mamia ya kazi.

Jambo la mwisho lahusu tafsiri, na najua litawapendeza wenzangu wa kamusi kuliko wengine. Diwani hii haitafsiriki. Apocalypse ikiwa kiyama itahamia K. Toilet itakuwa choo, na kwetu ch huhesabiwa sauti moja. Q na X hazina makao katika alfabeti yetu. Dogfight, yaani mapigano ya mbwa, itaingia M, na M ya Kiswahili, kwa ajili ya viambishi vya ngeli, tayari imejaa kupita kiasi: kila mtu, kila mti, kila mchawi na kila mzimu wamo humo. Mswahili angeweza kuitunga diwani ya herufi M peke yake bila kutafuta neno kwa taabu, na hata mimba ya Ti West isingelazimika kuhama. Yudai Yamaguchi, katika herufi J, aliweka Jidai-geki, neno la kwao Japani kwa michezo ya zama za kale. Hilo lingekaa katika J yetu vile vile, bila mfasiri kuligusa.