Chukudu ya kati kwa njia za Lubero

Mtu anayeagiza chukudu yake ya kwanza, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, karibu kila mara hutaka kubwa. Hesabu yake ni mzigo: kubwa hubeba mzigo mwingi zaidi, kwa hiyo italipa haraka. Hesabu hiyo inamfaa mtu wa Kibumba anayeshusha viazi na kabichi mpaka Goma, njia ikimvuta karibu muda wote. Huku kwetu, kati ya Lubero, Butembo na Beni, njia hushuka, ikapanda, ikashuka tena. Mimi ningeagiza ya kati, ya mita 2 hivi, na sababu ya kwanza iko kwenye mti wenyewe.

Chukua boriti moja ya mkaratusi. Unene na mzigo vikibaki vilevile, ukiongeza kwa robo nafasi kati ya magurudumu, boriti itapinda katikati karibu mara mbili ya mwanzo. Fundi mzuri analijua hilo kwa macho, hata kama hakulisoma popote, naye hutia mti mnene zaidi. Lakini mrefu kwa robo na mnene kwa robo maana yake ni boriti nzito kwa zaidi ya nusu, na hakuna mteja anayelipia kusafirishiwa boriti.

Kisha kuna kupanda. Pale njia inapoinuka mita 1 kwa kila mita 10, chukudu yenye jumla ya kilo 300 humrudishia msukumaji uzito wa kilo 30 hivi, tope halijahesabiwa. Ikiwa kilo 500, ni 50. Hapo utatafuta msaidizi, na msaidizi anakula faida.

Basi kwa nini tusikate fupi kabisa? Kwa sababu ya breki. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Unapofunga breki mteremkoni, uzito hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma hupoteza mshiko, tena fupi iliyopangwa magunia marefu ndiyo hupoteza zaidi. Breki inakuacha wakati ule ule unaoihitaji. Kilo 300 zikishuka mita 100 za kimo, joto linalozaliwa lingetosha kuchemsha karibu lita moja ya maji, na ukishuka kwa mwendo wa polepole, sehemu kubwa yake hupita kwenye kile kipande cha mpira. Kibadilishe mapema.

 

Kuhusu magurudumu sina mengi ya kusema: makubwa hupita mawe vizuri, na ganda la tairi lipigiliwe misumari ambayo vichwa vyake vimezama ndani ya mpira. Springi ya mbele ni ya lazima kwa anayebeba nyanya, anasa kwa anayebeba makaa.

Anayeshusha mbao kwa njia moja tu na kurudi mtupu, huyo achukue kubwa bila kusita. Wengine tuagize ya kati, na tukague mti kabla haujapigiliwa: mkaratusi mbichi hupasuka unapokauka, na ufa ukianzia kwenye tundu la ekseli, gurudumu halitengenezeki tena.