Nyuzi 231: Namna ya Kushuka Ben Nevis

Ben Nevis, jabali la Uskoti lililo jirani na mji wa Fort William, ndilo refu kupita yote katika Uingereza. Na kwa kuwa lina mita 1,345 tu, aliyezoea habari za Kilimanjaro hulidharau kabla hajalikanyaga. Lakini mwenye kushika njia katika bonde la Glen Nevis huanzia karibu na usawa wa bahari, hata ikawa mita hizo takriban zote hana budi kuzikwea kwa miguu yake na kuzishuka siku iyo hiyo, kwa mwendo wa kilomita kama 17 na muda wa saa saba hadi tisa.

Njia yenyewe ni kazi ya ustadi. Mwaka 1881 Clement Wragge alikuwa akipanda kila siku ya kiangazi kusoma vipimo vya hali ya hewa kileleni, ilhali mkewe akisoma vya chini mjini, na bidii yao ndiyo iliyotangulia kituo cha kupimia hali ya hewa kilichofunguliwa kule juu mwaka 1883, kikadumu hata 1904. Mizigo ya kituo ilibebwa na farasi wadogo, na kwa ajili yao ikachongwa njia isiyoukabili mlima uso kwa uso, bali inayokata ubavu wake kwa mshazari, na ikiisha kuvuka kijito cha Red Burn hupinda huku na huku hadi juu. Basi sisi twapanda leo kwa mwinamo uliokadiriwa kwa pumzi za farasi, na wale wanaokata kona kwa haraka huyaumiza magoti yao na kuzibomoa kingo za njia bila faida yoyote.

Lakini kazi kubwa ni kurudi. Kilele ni uwanda mpana wa mawe, ambao kaskazini yake imekatika kwa magenge marefu, na korongo liitwalo Gardyloo limeingia ndani hata karibu ya njia. Upande wa pili, kusini-magharibi, kuna makorongo ya Five Finger yanayomngoja aliyepotoka kushoto. Juu huwa na baridi kupita mjini kwa nyuzi kama tisa, na ukungu hushuka ghafla hata katika mwezi wa Julai. Ndivyo ulivyotushukia sisi watatu, mkate ungali mkononi, na nguzo ya wapima ramani ya kileleni tuliyoiegemea ikawa ndicho kitu pekee tulichokiona.

Kanuni ya kutoka ni hii: kutoka kwenye nguzo, fuata uelekeo wa nyuzi 231 za ramani kwa mita 150, kisha geukia nyuzi 282. Mkondo wa kwanza hukupitisha mbali na kichwa cha Gardyloo. Wa pili hukuepusha na Five Finger. Anayeanza na 282 moja kwa moja huelekea magengeni, na anayeishikilia 231 kupita kiasi huingia katika mtego wa kusini. Kwa hiyo zile mita 150 ndizo roho ya hesabu yote.

Nazo hupimwaje ukunguni? Asubuhi, bondeni, nilihesabu mguu wangu wa kushoto tu katika mita 100 za njia, nikapata 64. Mita 150 zikawa 96. Kule juu mwenzetu alitangulia hadi mwisho wa upeo wa macho, nami nyuma yake, dira kifuani, nikimwambia asogee kulia au kushoto. Tukamfikia, akatangulia tena. Kila nilipotimiza hatua kumi nilihamisha kokoto moja kutoka mfuko huu hadi ule, kwa sababu upepo humsahaulisha mtu hesabu. Kokoto ya tisa na hatua sita, tukageuka; punde rundo la mawe la kuongozea wasafiri likatokea mbele yetu.

Nahodha aliye katikati ya bahari, pwani isipoonekana, hafuati hisia za macho yake, na uwanda ule wenye ukungu ni bahari kamili.

Ewe msomaji unayekusudia kwenda, ziandike nambari hizo mbili katika karatasi, tazama katika ramani mpya tofauti ya kaskazini ya sindano na ile ya ramani, kwani hubadilika mwaka hata mwaka, na uzihesabu hatua zako bondeni, jua lingali likiwaka.