Agaseke au "Kikapu cha Amani"? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Ususi

Neno ambatani la Kiingereza peace basket lilienea baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wanawake wa Rwanda, wakiwemo wajane na wake za wafungwa, waliketi pamoja kusuka, na mwaka 2005 maduka ya Macy's ya Marekani yakaanza kuuza kazi yao. Jina hilo ni la soko, ingawa linabeba historia ya kweli.

Chombo chenyewe ni cha kale zaidi. Kinyarwanda hukiita agaseke, wingi uduseke. Hutolewa pamoja na zawadi harusini, na kifuniko chake kilichochongoka huashiria siri baina ya mtoaji na mpokeaji.

Tafsiri "kikapu cha amani" hupoteza maana hiyo. Kwa msomaji wa pwani, kikapu ni chombo cha ukili, kilicho wazi, cha kuendea sokoni. Agaseke hushonwa kwa sindano, nyuzi za mkonge zikizungushiwa nyasi, duara juu ya duara.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, hivyo uteuzi wa istilahi ni suala la sera. Jijini Kigali, wakazi wa Gitega na majirani zao wa Biryogo na Nyamirambo, wanaojua Kinyarwanda na Kiswahili, hawahitaji kupitia Kiingereza ili kukitaja chombo hiki. Inafaa kamusi na nyaraka za umma ziingize agaseke katika ngeli ya I-ZI, na "kikapu cha amani" kibaki jina la kibiashara.