Atomizeri ya kwanza haichaguliwe ju ya wingi wa moshi

Leo siandike juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Naandika juu ya kitu kinachozunguka mifukoni mwa vijana wengi hapa Butembo, na hata mwa baadhi yetu sisi wenye lisansi: sigara ya umeme. Na hasa ile sehemu yake inayoitwa atomizeri ya kujijengea, ambayo mwenyewe unazungusha waya, unapitisha pamba, unafunga visi. Kila anayetaka kuingia humo anauliza swali moja: nianze na gani? Nimeangalia video mingi zinazojibu hilo swali, za Kifaransa na za Kiingereza, na naona karibu zote zinajibu swali la mutu mwingine.

Kwanza niweke jambo moja sawa, ili mutu asinikamate vibaya. Kama hauvute sigara, hakuna atomizeri nzuri kwako, endelea na maisha yako. Nikotini sisi wa agronomi tunaijua kwa jina lake la kweli. Wakulima wa zamani walikuwa wanachemsha tumbaku na kupulizia yale maji ili kuua vidukari. Wanaovuna majani ya tumbaku yenye umande wanaugua, kichwa kinazunguka, wanatapika, ju nikotini inapita mu ngozi tu. Kwa hiyo naongea na yule ambaye tayari anamaliza pakiti yake kila siku na anatafuta namna ya kuachana na moshi wa kuchoma majani.

Huyo mutu mara nyingi anaanza na zile pafu za kutupa. Anavuta, inaisha, anatupa. Ubelgiji ilipiga marufuku kuziuza tangu tarehe 1/1/2025, Ufaransa ikafuata na sheria mwezi wa pili mwaka huohuo, Uingereza tarehe 1 mwezi wa sita. Ndani ya kila moja kuko batri ya lithiamu. Batri nyingi za aina hiyo zina kobalti, na inchi yetu ndiyo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Donc inawezekana kabisa kitu kitoke Kolwezi, kiende China, kirudi hapa mu pafu ya rangi ya chungwa, kivutwe siku tano, kisha kimalize safari yake mu mto Kimemi. Mimi hiyo inaniumiza kuliko moshi wenyewe.

Atomizeri ya kujijengea inapunguza huo upotevu, na njo maana naitetea. Bobini moja ya waya ya mita 10 inatoa rezistansi zaidi ya 100. Pamba iko. Chombo chenyewe ni chuma, ukikitunza kinakaa miaka.

Sasa tuje kwa hao wakosoaji wa video. Shida yao si uongo. Wengi wanajua kazi. Shida ni kipimo chao. Mutu ambaye ako na atomizeri 40 mu kabati, nyingine zikiwa zimetumwa bure na kiwanda, anapima ile ya 41 kwa siku chache, anapuliza wingu mbele ya kamera, anasema ladha ni 9 juu ya 10. Hajawahi kubakia na moja tu. Hajawahi kupoteza kivisi kidogo saa mbili usiku bila umeme. Mkulima wa Lubero akienda kununua pompa ya litre 16 ya kupulizia ditani kwenye viazi, haulize inatoa ukungu mzuri namna gani. Anauliza: mpira wake ukikatika, napata mwingine wapi? Kichwa kikizibwa, nakifungua na nini? Na atomizeri, tafsiri yake kamili, ni pompa ya kupulizia. Kazi moja, ukubwa tofauti.

Shauri linalorudiwa sana ni hili: anza na dripa, ni rahisi. Dripa haina tanki; unadondosha likidi moja kwa moja juu ya pamba. Ni kweli ni rahisi kujenga. Wasp Nano ya Oumier, kwa mfano, ni ndogo, ya bei ya chini, ina nafasi ya rezistansi moja, na unaona kila kitu unachofanya. Kama shule ya mikono, naikubali. Lakini fikiria yule mutu wetu siku ya pili. Ako kwenye mutaro wa shamba, ao nyuma ya moto kuelekea Kyondo, hamu inamukamata. Afungue kofia, adondoshe matone matano ao sita, afunge, avute mara nne, tano, pamba ikauke, aanze tena, chupa ya nikotini ikiwa mu mkono wake mwingine. Atafanya hivyo siku tatu. Ya nne atanunua sigara moja kwa mama wa kibanda. Chombo kimeshindwa pale, hata kama ladha yake ilikuwa 10 juu ya 10. Kipimo changu ni hicho kimoja: je, kilimuzuia kurudi kwenye kiberiti?

Wotofo Profile ya 2018 walioisifu ni wengi, na akili iliyo ndani naiheshimu. Mu nafasi ya waya iliyozungushwa, inatumia kipande cha neti, na chini yake kuko kijiwe cha seramiki kwenye springi kinachosukuma pamba ili igusane na neti wakati wote. Inasamehe mikono migumu. Lakini ukitaka kuitumia jinsi ilivyochorwa, unahitaji zile neti zilizokatwa tayari kwa kipimo chake, na hapa hazipatikane sokoni. Tena neti inataka wati 50 na kuendelea, inakula likidi kama ngombe kwenye birika. Umekimbia pafu, umeingia kwenye utumwa mwingine.

Kwa tanki, maneno ni marefu kidogo. Kayfun ya SvoeMesto, ya Ujerumani, ilifundisha wengine wote, lakini bei yake si ya mutu anayeanza, na za kuiga zimejaa. Zeus ya Geekvape ilileta jambo ninalolipenda sana: hewa inaingia kwa juu. Kama tundu la hewa liko juu, likidi haina njia rahisi ya kutoka, hata pamba yako ikiwa mbaya. Kwa anayeanza, hiyo peke yake ni nusu ya kazi. Lakini Zeus imechorwa kwa wale wanaovuta moja kwa moja hadi mapafuni, kama mutu anapumua. Mvuta sigara havute vile. Anajaza kinywa kwanza, kisha anashusha. Ukimupa Zeus atakohoa, atasema hizi vitu vyenu ni za watoto.

Njo maana chaguo langu liko kwa tanki za mvuto mugumu, zenye rezistansi moja: Berserker ya Vandy Vape, ao Ares ya Innokin. Ares ina historia ya kuchekesha kidogo. Phil Busardo, Mmarekani anayejulikana kwa video zake za kuhakiki, na mwenzake Dimitris Agrafiotis, walishiriki kuichora. Wahakiki wakiwa wachoraji, nani atabakia kuhakiki? Hata hivyo, kazi ni nzuri. Mu zote mbili unafunga au kufungua matundu madogo ya hewa hadi upate ugumu wa sigara yako ya zamani. Kasoro yao ni moja, hewa inaingia kwa chini. Pamba ikikosewa, inavuja mu mfuko wa suruali. Sifiche hilo. Naona ni afadhali ujifunze pamba kuliko ulazimishe mapafu.

Na pamba ndiyo somo lenyewe. Video zinaipitia mu sekunde 30, kisha dakika kumi ni za mawingu. Sisi tulisoma maji yanavyopanda mu udongo. Hapa ni sheria ileile. Pamba iliyokazwa sana mu rezistansi ni udongo uliokanyagwa na ngombe: vitundu vimefunga, maji hayapande, juu kunakauka na kuungua, na koo lako linalipa. Pamba nyepesi mno ni mchanga: maji yanapita bila kusimama, yanafurika, yanatoka kwa tundu la hewa. Unataka udongo tifutifu. Kwa vitendo: pamba ipite mu rezistansi na ukinzani mudogo, waya isipinde, mikia yake uikate ifike tu kwenye njia ya likidi na kuifunika, isijazwe ndani kama godoro. Pamba nyeupe ya famasi, isiyo na harufu, inaweza kazi hiyo. Hauhitaji ile ya Japani.

Kuko na jambo lingine video hazisemi, ju wanaozifanya hawaishi huku. Likidi yenye gliserini mingi, ile 70 kwa 30, ni nzito, na asubuhi ya baridi ya Butembo inazidi kuwa nzito. Kwenye tanki ya mvuto mugumu, yenye njia nyembamba, haipande vizuri. Tumia nusu kwa nusu. Tena, ukijaza tanki nusu pale Kasindi kisha ukapanda huku juu, ile hewa iliyobaki ndani inatanuka kwa sababu presha ya nje inashuka, inasukuma likidi nje. Watu wanalaumu chombo, kumbe ni mulima. Jaza kabisa kabla ya kupanda, ao ukipande ikiwa tupu.

Sasa umeme, na hapa sicheki tena. Wale wa mawingu wanapenda rezistansi ya 0,1 om kwenye modi ya mekanika, yaani bomba la chuma lenye batri na kifungo, bila kinga yoyote. Chukua kalkuleta. Batri iliyojaa ni volti 4,2. Gawa kwa 0,1: amperi 42. Batri nzuri kama Samsung 25R, ya aina ya 18650, imepewa amperi 20. Mwezi wa tano 2018, Florida, Marekani, mutu alikufa nyumbani kwake chombo cha aina hiyo kilipolipuka. Linganisha na waya ya Kanthal ya milimita 0,32, mizunguko sita kwenye kijiti cha 2,5: inatoa karibu om 1,1. Volti 4,2 kwa 1,1 ni amperi isiyofika 4. Wati 12 zinatosha. Nikotini unaipata, mapafu hayaungui, batri inalala usingizi.

Mwenye kuanza achukue boksi yenye elektroniki, inayosoma om na kukataa kuwaka pakiwa na kosa. Video inayomwambia anayeanza kwamba modi ya mekanika ni ya wanaume, mimi naiita hatari, hata kama mwenyewe ako na watazamaji milioni. Na hapa kwetu hatari inaongezeka, ju sokoni kuko batri zilizoandikwa 9800 mAh. Hakuna 18650 inayofika hata 5000. Mwenye kuandika 9800 amekudanganya kwa maandishi, fikiria alichoweka ndani. Na zile za kutoa mu laptopu kuukuu, tunazotumia kwa taa na radio, ziache kwa taa na radio. Nyingi hazikutengenezwa kutoa nguvu ya ghafla.

Neno kwa wale wanaopenda kutuma pesa kwa rafiki wa Kampala: sheria ya Uganda ya 2015 juu ya tumbaku imekataza kuingiza na kuuza sigara za umeme kule. Mutu akikamatwa nayo, wewe uko hapa, yeye ndiye anayejieleza. Usimuweke ndugu mu shida kwa sababu ya kitanki.

Ukikipata kwa muuzaji wa hapa, usilipe kabla ya kukifungua mbele yake. Tazama visi: kichwa chake kiwe kikubwa cha kutosha turnavisi ya kawaida ishike, ju vile vidogo vya pembe sita vikiharibika hauna cha kuvitolea. Zungusha kila sehemu kwa mkono, ikikwama sasa itakwama zaidi ikiwa na likidi. Uliza kama mu katoni kuko mipira ya akiba na kioo cha pili. Kioo kitavunjika, swali ni lini. Kisha puliza kwa kinywa, bila likidi, bila batri, huku unafunga tundu la hewa polepole. Ukisikia ule ugumu ambao koo lako linaujua tangu uanze sigara, chukua. Ukisikia upepo mtupu, mrudishie, hata akupunguzie dola tano.