Chai Nne, Meza Moja: Ngara Tumekalia Hazina!

Naandika vikombe vikiwa bado vya moto! Kama unaishi Ngara au Biharamulo na hujawahi kupanga chai nne tofauti mezani ukazionja moja baada ya nyingine, bila sukari wala maziwa, kuna raha inakupita kila asubuhi. Mwisho wa wiki hii nimezipanga nyumbani, majirani wamezunguka meza, na tofauti tulizozikuta zimetuacha midomo wazi. Tumezoea kusema chai ni chai tu. Baada ya leo sitalisema tena neno hilo!

Kwanza tazama tulipo. Kaskazini kuna Bukoba, na pale Maruku ndipo kiwanda cha chai cha mkoa wetu wa Kagera kilipojengwa. Ukivuka daraja la Rusumo umeingia Rwanda. Ukipita Kabanga ukatokea Kobero, uko Burundi. Na kutoka kusini yanakuja malori yanayopumzika Nyakanazi na Lusahunga, barabara ileile inayoleta pakiti za chai ya Mufindi hadi kwenye duka dogo la kijijini. Mpenzi wa chai aliyeko Dar es Salaam atahangaika kuzikusanya hizi zote. Sisi tunahitaji ndugu mmoja anayevuka mpaka na mwingine anayetoka Bukoba!

Sheria za meza ni rahisi. Waonjaji wa kazi wana kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, kisha dakika 6 kikombe kikiwa kimefunikwa. Nyumbani, kijiko cha chai kilichosawazishwa kinakaribia gramu 2. Tumia vikombe vyeupe kwa ndani ili rangi ionekane, chujio safi, na saa ya simu. Majani yasichemshwe kwenye sufuria. Mimina maji juu yake na uyaache. Na usiibie hata dakika moja, maana huku kwetu tuko juu. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka mapema, na penye mita 1,500 yanachemka yakiwa karibu nyuzi 95 badala ya 100. Majani yanahitaji muda wao wote ili yatoe kilichomo. Kisha chota kwa kijiko na uvute kwa sauti! Watoto huwa tunawakataza, lakini mezani hapa ni lazima, kwa sababu hewa inayoingia pamoja na chai ndiyo inayopandisha harufu hadi puani.

Nilizipanga kwa kimo cha mashamba, kutoka chini kwenda juu, na uamuzi huo ndio uliofanya meza nzima iamke.

Ya kwanza, chai ya Bukoba. Ukanda ule uko karibu na Ziwa Victoria, kwenye mita elfu moja na mia kadhaa, penye joto na mvua nyingi. Loo, rangi yake! Dakika ya pili tu maji yamekuwa mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mdomoni inakamata mara moja: nzito, imejaa, na ukakasi wake unashika pembeni mwa ulimi. Harufu yake haina madoido, ila nguvu anayo huyu ndugu yetu wa mkoa mmoja!

Ya pili, Mufindi. Nilitumia Chai Bora, pakiti ambayo karibu kila nyumba hapa inaijua, inayotoka Nyanda za Juu Kusini. Mashamba ya kule yako kwenye mita zipatazo 1,900, na baridi yake inaifanya michai ikue polepole. Utaisikia tofauti hiyo kabla hujameza! Rangi inang'aa zaidi, na ladha ni kali lakini safi, inakuja na kuondoka bila kuacha uchungu. Hii ni chai ya punjepunje, iliyopita kwenye mashine za kusaga, kurarua na kuviringisha jani, ufundi ulioanzia Assam, India, miaka ya 1930. Jani likiraruliwa hivyo, hewa hulivamia mara moja na kuligeuza. Hapo huzaliwa theaflavini, inayoleta mng'ao na ukali, na thearubijini, inayoleta wekundu na uzito. Zilinganishe hizi mbili utaviona vyote kwa macho: Bukoba ina uzito, Mufindi ina mng'ao!

Ya tatu, Rwanda. Wenzetu walianza kilimo cha chai mwaka 1952, na niliyoionja inatoka Sorwathe, kiwanda cha kaskazini mwa nchi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1975. Nilifungua pakiti nikakuta majani marefu, meusi, yaliyosokotwa, hayafanani kabisa na punje tulizozizoea! Haya hayakuraruliwa. Yalisokotwa taratibu, kwa hiyo yanatoa rangi polepole, na mtu asiye na subira ataiita chai nyepesi. Ngoja dakika zako 6. Inatoka rangi ya asali, laini, yenye harufu ya maua na utamu wa mbali ambao haukutiwa na mtu. Jirani yangu aliyesema hawezi kunywa chai bila vijiko vitatu vya sukari alimaliza kikombe chote akaomba kingine!

Kisha ikaja Burundi, na hapo niliinuka kitini. Chai ya Teza, kutoka milimani pembezoni mwa msitu wa Kibira, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ni ya punjepunje kama ya Mufindi, kwa hiyo nilitegemea nguvu tu. Nguvu ipo, lakini juu yake kuna uchangamfu wa ajabu, kama ganda la limao lililokwaruzwa sasa hivi! Ladha inabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Niliacha kikombe kimoja kipoe kabisa nikaona chai inafanya ukungu mzito. Usiogope ukiuona. Ni theaflavini na kafeini zinashikamana chai ikipoa, na waonjaji huuhesabu ukungu huo kuwa dalili ya chai yenye nguvu.

Raundi ya maziwa ikapindua kila kitu! Tulitia maziwa mabichi yaliyochemshwa, kiasi sawa kila kikombe. Ile ya Rwanda ilipotea kabisa, harufu yake yote ikazama. Burundi ilijitahidi. Lakini Bukoba, jamani! Protini ya maziwa inaushika ukakasi na kuulainisha, na kwa kuwa Bukoba ina ukakasi wa kutosha, ilibaki imesimama wima, rangi ya tofali, imejaa mdomo mzima. Bibi mmoja jirani tulimpa vikombe bila kumwambia kipi ni kipi. Akaonja, akarudia, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo ya maziwa. Ile ya pembeni iache peke yake, usiiguse." Ya maziwa ilikuwa Bukoba, na ya pembeni ilikuwa Teza!

Na maji! Rudia jaribio hili kwa chai moja tu: kikombe kimoja kwa maji ya mvua uliyoyakinga kwenye pipa safi, kingine kwa maji ya kisima kirefu. Maji ya kisima yakiwa na chokaa nyingi, juu ya chai hutanda utando na rangi hupoteza mng'ao. Maji ya mvua yanaiacha chai iseme yenyewe. Tuna miezi mingi ya mvua Ngara na Biharamulo, basi tuitumie!

Hukumu yangu, nasimama nayo. Chai ya rangi ya jioni, Teza. Chai ya maziwa ya asubuhi, Bukoba bila mpinzani. Chai ya kila siku inayokubali tangawizi, mchaichai na wageni wa ghafla, Mufindi. Na ukitaka kumshangaza mtu anayejiona anaijua chai, mpe Rwanda, na sukari ifiche kabatini!

Kwenye mnada wa Mombasa, ambako chai za Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huuzwa pamoja, kuna watu ambao kazi yao ni kuonja na kulinganisha kama tulivyofanya sisi. Mezani kwako unahitaji vikombe vinne, chujio na jioni moja. Kwa hiyo ndugu akienda Kobero, mwagize pakiti. Anayetoka Bukoba naye usimwache arudi mikono mitupu. Ita majirani, panga kuanzia bonde hadi mlima, na kila mtu aseme anachokisikia kabla hajaambiwa anakunywa nini. Jumamosi hii hii, anza!